Tokugawa hawakuwa Minamoto wa damu

Nafundisha historia ya Japani, na haupiti muhula bila mwanafunzi kuniambia kwamba Tokugawa Ieyasu, shogun (mtawala wa kijeshi) wa kwanza wa ukoo wa Tokugawa, alikuwa mzao wa Minamoto, ukoo mkuu wa kale, baba kwa mwana. Nimechoka kuisikia hiyo, maana ushahidi uko wazi.

Ieyasu alizaliwa mwaka 1543 katika ngome ya Okazaki, jimbo la Mikawa, akiwa wa ukoo wa Matsudaira. Ukoo huo ulichimbuka katika kijiji cha milimani chenye jina hilohilo, na masimulizi yake wenyewe yanamtaja Chikauji, mtawa mzururaji aliyeozwa binti wa mkubwa wa kijiji. Hapo ndipo silsila inaporuka: eti mtawa yule alitoka jimbo la Kozuke, kwa akina Nitta, tawi la Minamoto. Hakuna hati ya zama za Chikauji inayothibitisha hilo.

Kati ya 1566 na 1567 Ieyasu aliomba cheo cha gavana wa Mikawa. Wakuu wa kasri la mfalme kule Kyoto wakasita, kwa kuwa hapakuwa na Matsudaira aliyewahi kupewa cheo kama hicho. Konoe Sakihisa, mmoja wa wakuu hao, akamsaidia. Yoshida Kanemigi, kuhani wa Shinto, akapata nasaba ya kale, akainakili, na jina la Tokugawa likaidhinishwa. Ieyasu akaandikwa wa ukoo gani? Fujiwara, ukoo mkuu mwingine! Uminamoto aliushika baadaye, na ndio alioutumia alipoteuliwa shogun mwaka 1603. Mtu mmoja, koo kuu mbili, katika umri wake mwenyewe. Kwa hiyo nawasihi wanafunzi: ukifunguliwa silsila, usilikimbilie jina la juu kabisa. Uliza kwanza iliandikwa lini, na aliyeiandikisha alikuwa akiomba nini.

Wengine hushikilia kwamba asiye Minamoto hakuweza kuwa shogun. Si kweli. Kujo Yoritsune, aliyeteuliwa mwaka 1226 akiwa bado mtoto, alikuwa Fujiwara. Na mwaka 1252 akateuliwa Munetaka, mwana wa mfalme.

Kuna na wanaodhani mtoto wa kupanga hakuhesabiwa kuwa wa ukoo. Nao wamekosea. Uesugi Kenshin, mbabe wa vita wa zama za Ieyasu, alizaliwa katika ukoo wa Nagao. Uesugi Norimasa alimfanya mwanawe na kumrithisha jina mwaka 1561. Kenshin naye akamchukua Kagekatsu, mtoto wa dada yake, na huyo ndiye aliyeuendeleza ukoo wa Uesugi.