Bidoni moja, ramani moja: kuanza uchambuzi wa data za kijiografia Goma

Mwanafunzi anayefungua QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani, kwa mara ya kwanza huwa na haraka ya kuona rangi. Mimi humrudisha kwenye bidoni, yaani dumu la maji: mama wa avenyu hii anatembea mita ngapi hadi kwenye bomba? Swali likishakaa sawa, programu, ambayo ni ya bure, hujifunzwa upesi.

Pointi tunazichukua kwa simu, bomba baada ya bomba. Goma iko karibu na latitudo -1.68 na longitudo 29.22. Ukisahau alama ya kutoa, bomba lako limehamia Ituri, upande wa Mambasa. Namba zikipishana nafasi, limeangukia jangwani Algeria. Kompyuta zetu nyingi zimepangwa kwa Kifaransa na huandika mkato badala ya nukta katika namba, kwa hiyo ieleze programu hivyo unapoingiza faili. Kisha tazama kwa macho: je, pointi zote zimekaa kati ya volkano ya Nyiragongo na Ziwa Kivu?

Data hizo ziko katika digrii, na digrii moja hapa ni takriban kilomita 111. Zigeuze ziwe katika UTM, mfumo unaotaja mahali kwa mita, kanda ya 35 Kusini, ndipo upime kwa mita.

Sasa chora duara la mita 1,000 kuzunguka kila bomba. Hapa ndipo huwa nakaa muda mrefu na darasa, kwa sababu duara hupima anavyoruka ndege, na mtu hupita njiani. Uwanja wa ndege umeukata mji wetu. Nyumba iliyo ng'ambo yake ramani itaihesabu kuwa ina maji karibu, na huku mwenye bidoni ya lita 20 anauzunguka uwanja kwa miguu. Tumia barabara za OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, upime umbali kwa kuzifuata.

Halafu kuna mwinuko, maana bidoni iliyojaa hupandishwa. Data za SRTM, yaani vipimo vya kimo cha ardhi vya rada, zilipimwa kutoka angani Februari 2000, na lava ya Nyiragongo ikapita mjini Januari 2002. Avenyu zilizojengwa upya juu ya lava hiyo bado ziko katika kimo cha zamani kwenye SRTM. Data za kimo za Copernicus, mradi wa Ulaya wa setilaiti, zilizopimwa 2011 hadi 2015, zinaionyesha lava hiyo, ila hazina ile ya mlipuko wa Mei 2021. Kwa sehemu kama hizo, fuatana na anayechota, uweke pointi kila anapoitua bidoni apumzike.