Oscar ya kwanza ya mwigizaji haikwenda kwa Mmarekani
Wengi hudhani kuwa Oscar ya kwanza ya mwigizaji bora wa kiume ilichukuliwa na Mmarekani. Sivyo. Aliyeipata ni Emil Jannings, Mjerumani aliyezaliwa Rorschach, Uswisi, mwaka 1884. Wala hakutuzwa kwa filamu moja. Zilikuwa mbili, zote za kimya, na alikabidhiwa sanamu yake kabla ya sherehe ya Mei 1929 kwa sababu alikuwa anarudi Ulaya. Filamu zilipoanza kutoa sauti, lafudhi yake nzito ilimfungia milango ya Hollywood. Ujerumani akaigiza filamu za propaganda za Wanazi, jambo nisiloweza kulifumbia macho hata ninapostaajabia kipaji chake. Baada ya 1945 hakuigiza tena.