Gregory Maloba: yanayosemwa Moshi na yaliyo kweli

Hapa Moshi ukitaja uchongaji, watu wanawaza twiga na simba wa maduka ya watalii, wa mti mweupe uliopakwa kiwi ili upite kwa mpingo. Kwa hiyo jina la Gregory Maloba, mchongaji aliyeunda Sanamu ya Uhuru ya Kampala, likizuka, maneno huwa mengi kuliko ukweli.

Wengine husema sanamu hiyo ilichongwa kwenye jiwe, na aliyeichonga ni Mganda, au Mzungu. Hakuna lililo sawa hapo. Maloba alikuwa Mkenya, mzaliwa wa Mumias mwaka 1922, na sanamu hiyo ya 1962 ni ya saruji. Kazi ya saruji haianzi na gogo la kupunguzwa, hujengwa. Fundi husuka nondo na wavu wa waya, kisha hubandika saruji tabaka kwa tabaka na kuipa umbo kabla haijashika. Ukipita Kampala, simama uitazame. Mwili wa mama umezungushiwa mikanda, nayo inafunguka. Juu yake amemwinua mtoto aliyenyoosha mikono. Wapo wanaodhani ni mama anacheza na mwanawe tu! Ni nchi inafunguliwa, na taifa changa linainuliwa.

Eti kipaji chake kilikuwa cha kuzaliwa, hakufundishwa? Alifundishwa sana. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha shule ya sanaa katika chuo cha Makerere huko Kampala, akaenda kusoma Uingereza, akarudi Makerere kuwa mwalimu.

Linaloniudhi zaidi ni hili: kwamba Maloba hatuhusu sisi wa Kilimanjaro. Sam Ntiro wa Machame, ambaye baadaye aliiwakilisha nchi yetu London, alikuwa mwalimu mwenzake Makerere. Elimo Njau wa Marangu alisoma palepale miaka ya 1950, Maloba akifundisha uchongaji. Njau ndiye aliyekuja kufungua jumba la sanaa la Kibo huko kwao Marangu, na jingine, Paa ya Paa, jijini Nairobi. Msimamo wake ulikuwa mkali: kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Wauza twiga wasinikasirikie, nimenukuu tu.

Na wale wanaosema anayeshindwa kazi ndiye huishia ualimu? Maloba aliisimamisha sanamu ya Kampala akiwa bado mwalimu Makerere. Baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Nairobi, akaongoza idara ya ubunifu (design).