Setilaiti ndogo za baiolojia ni nini?

Ni maabara inayojiendesha yenyewe, iliyofungwa ndani ya setilaiti ndogo na kurushwa angani ikiwa na viumbe hai kama bakteria, hamira au spora za kangaga. Hakuna mwanaanga wa kuihudumia, na kwa kawaida hairudi duniani.

Umbo lake linafuata kipimo kilichobuniwa mwaka 1999 na Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs huko California: mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Michemraba huunganishwa mitatu au sita, kulingana na kazi. Gharama hushuka kwa sababu setilaiti hizi hupewa nafasi kwenye roketi inayopeleka mzigo mwingine. Hata 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiwa angani mwaka 2018, ilikuwa mchemraba wa aina hiyo, ingawa haikubeba kiumbe.

Ugumu uko hapa: utajuaje bakteria wamekua, nawe huwezi kuwaona wala kuwarudisha? GeneSat-1 ya NASA, iliyorushwa Desemba 2006, ilitumia mwanga. Bakteria wa E. coli walipandikizwa jeni ya kutengeneza protini inayong'aa kijani. Waliondoka duniani wakiwa katika hali ya usingizi, bila kukua, kwenye vijishimo vidogo. Walipofika kwenye mzingo, pampu iliwapelekea maji yenye sukari, wakaanza kula na kuzaana. Taa iliwamulika, kihisi kikapima mng'ao, namba zikaja kwa redio. Huku chini bakteria wengine walifanyiwa vivyo hivyo. Bila wao, namba za angani zisingekuwa na cha kulinganishwa nacho.

Mimi huvutiwa zaidi na zilizopima dawa. PharmaSat (2009) iliipa hamira dawa ya fangasi kwa dozi tofauti, na EcAMSat (2017) ikawapa E. coli jentamisini, dawa ya kuua bakteria. Mwanaanga akiugua mbali na hospitali, ni lazima ijulikane kama dozi ya duniani inamtosha.

BioSentinel ilirushwa Novemba 2022 pamoja na Artemis I, safari ya NASA ya majaribio kuelekea Mwezini, ikapita Mwezi na kuanza kulizunguka Jua. Ilibeba hamira kwa sababu chembe zake hukarabati DNA iliyokatika kwa njia zinazofanana na za chembe zetu, na lengo lilikuwa kuchunguza madhara ya mnururisho wa anga za mbali. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilicho kilomita kama 400 juu yetu, bado kimo ndani ya ngao ya sumaku ya dunia inayozuia sehemu ya mnururisho huo, kwa hiyo majaribio yake peke yake hayawezi kutupa jibu hilo.