Har-Magedoni si jina la mwisho wa dunia

Wengi wetu tumekua tukisikia "Har-Magedoni" ikitajwa kana kwamba ni siku ya kiama yenyewe. Fungua Ufunuo 16:16 usome taratibu: ni mahali. Wafalme wanakusanywa "mahali paitwapo kwa Kiebrania, Har-Magedoni", na jina hilo halitokei tena popote katika Biblia nzima. Mstari huo hausimulii hata pigano lenyewe.

Wasomi wengi huliona jina hilo kuwa "mlima wa Megido". Lakini Megido, kaskazini mwa Israeli, haina mlima. Ni kichuguu kikubwa cha magofu, miji iliyojengwa juu ya miji, zaidi ya tabaka 20, kikitazama bonde la Yezreeli. Hapo ndipo ilipopita njia kuu ya kutoka Misri kwenda Shamu na Mesopotamia, na aliyeishika Megido aliishika njia. Ndiyo maana Farao Thutmose III alipigana hapo katika karne ya 15 kabla ya Kristo. Nabii Debora aliimba juu ya wafalme walioshindwa "karibu na maji ya Megido" (Waamuzi 5:19). Mwaka 609 K.K. Farao Neko alimuua hapo Yosia, mfalme mwema wa Yuda, na kilio cha watu juu yake kilidumu vizazi.

Kwa msomaji wa kwanza wa Ufunuo aliyeyajua Maandiko, naamini jina hilo liliamsha kwanza kumbukumbu hizo: Debora akiimba, Yosia akililiwa.