Mpichi wako haujagoma, umeunyang'anya maua

Ikifika Juni, baridi ya Mbeya ikaanza kuuma na mipichi ikabaki mifupa mitupu, simu yangu haipumui. "Bwana shamba, njoo utukatie miti." Mara nyingi nikifika nakuta panga limeshanitangulia.

Mwaka juzi mama mmoja wa Uyole alinionyesha mpichi wa miaka sita: majani tele, matunda hakuna. Nikamuuliza, "Mama, huwa unaukata wapi?" Kumbe kila kipupwe alikuwa akinyoa vijiti vyote vya pembeni ili mti ukae kama mwavuli. Ulipendeza kweli. Lakini mpichi huzaa kwenye vijiti vilivyoota msimu uliopita, vile vyenye wekundu, unene wa penseli hivi. Macho ya maua yanakuwa yamo tayari humo, yamelala. Ukivinyoa, umekata mavuno ya mwaka huo. Na sehemu iliyokwisha kuzaa haizai tena, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kutoa. Vijiti vipya vipunguze tu, vilivyosongamana. Mimi huacha matawi makuu matatu au manne yaliyotawanyika, katikati pabaki wazi kama bakuli, jua liingie.

Mtufaa ni habari nyingine. Wenyewe huzaa zaidi kwenye vijiti vifupi vyenye makunyanzi, na kimoja huweza kuzaa miaka mingi. Watu huviona uchafu wakavikwangua. Naomba viacheni.

Parachichi msiliguse kipupwe, hasa nyie wa Njombe na Makete mnaoamka na barafu kwenye majani. Ukilikata litachipua, na machipukizi machanga ndiyo ya kwanza kuungua na baridi. Subiri hatari ya barafu ipite. Hata hapo, gome lililozoea kivuli likiachwa uchi linaungua na jua. Lipake chokaa iliyozimuliwa kwa maji.

Sasa jeraha lenyewe. Pale tawi linapoungana na shina pana uvimbe kama kola ya shati. Kata nje kidogo ya kola hiyo. Ukiacha kisiki kirefu, kitaoza na kuozesha ndani. Ukikwangua hadi shina, umetoa sehemu ambayo mti huitumia kufunga kidonda. Tawi zito likate mara tatu: kwanza chini, mbali kidogo na shina, msumeno uingie kiasi; pili juu, nje ya mkato ule, lianguke bila kuchuna gome; mwisho ondoa kisiki kilichobaki. Panga halifai, linapasua.

Na rangi ya mafuta kwenye kidonda? Nami niliipaka miaka mingi, nikijiona fundi. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, alipasua maelfu ya miti kutazama ndani, akaonyesha kuwa rangi haizuii kuoza. Siku hizi nanunua spiriti badala yake, nafutia mkasi kila ninapotoka mti mmoja kwenda mwingine.

Wenye uzio wa saipresi, nyoeni kidogo kidogo na mapema, chini pawe papana kuliko juu ili mwanga ufike. Ukishakata hadi kwenye mti wa kahawia usio na majani, hapo hapachipui tena. Nimeitwa mara nyingi kutibu uzio wa namna hiyo, na dawa niliyonayo ni jembe la kung'olea.