Kupanga stoki na safari kwa pamoja: nani anaandika idadi ya lita?

Programu nyingi za usafirishaji zinatangazwa kwamba "zinaunganisha stoki na safari". Ukizifungua unakuta ripoti ya ghala upande huu, ramani ya malori upande ule, na kitufe cha kuhamisha oda kati yake. Hizo ni kazi mbili zinazopeana taarifa. Dhana yenyewe, inayoitwa kwa Kiingereza inventory routing, inadai zaidi ya hapo.

Kwa kifupi: msambazaji anaamua kwa mpigo mmoja mteja apelekewe mzigo siku gani, apelekewe kiasi gani, na gari lianzie kwa nani limalizie kwa nani. Mteja haleti oda. Analeta taarifa sahihi ya kilichobaki, basi.

Ni kwenye oda ndipo watu wanapoteleza. Watafiti Dantzig na Ramser walipoandika mwaka 1959 kuhusu malori ya petroli yanayotoka bohari kwenda vituoni, kiasi cha kila kituo kilikuwa kimeshajulikana. Kilichotafutwa ni mgawanyo wa malori wenye kilomita chache. Mwaka 1983 watafiti wengine, Bell, Fisher na wenzao, walieleza mfumo wa kampuni ya Air Products ya Marekani, iliyosambaza gesi za viwandani na kusimamia yenyewe matangi yaliyo kwa wateja. Huko kiasi nacho kikawa cha kuamuliwa.

Tofauti hiyo inaonekana kwenye hesabu. Chukua vituo viwili vya mafuta vilivyo jirani, kilomita 80 kutoka bohari. Cha kwanza kinauza lita 6,000 kwa siku, cha pili 2,000. Lori lina chemba nne za lita 6,000 kila moja. Kila kituo kikiagiza chenyewe, cha kwanza kikaita lita 12,000 kila siku ya pili na cha pili lita 10,000 kila siku ya tano, kwa siku 30 zinatoka oda 21. Zinakutana siku moja mara tatu tu, kwa hiyo safari ni 18. Programu bora kabisa ya njia haiwezi kupunguza hata moja, maana oda zimeshafika hivyo. Mpe msambazaji uamuzi: kila siku ya tatu lori linatoka limejaa, chemba tatu kituo cha kwanza, moja cha pili. Lita ni zilezile 240,000, safari ni 10. Kilomita 1,280 zimeokolewa, na barabara haikubadilika.

Ndiyo maana neno "njia", kama tafsiri ya routing, nalo linapotosha. Linamfanya mtu afikirie lami na foleni, ilhali kinachopangwa ni safari: nani na nani wanabebewa pamoja, na lini. Na "akiba" si tafsiri nzuri ya stoki yote. Asili yake ni Kiarabu, neno linalogusa kinachokuja nyuma, mwisho wa jambo. Kwetu akiba ni kile usichokigusa mpaka shida ifike. Katika tangi la kituo cha kwanza, akiba ni lita 6,000 za siku moja ya tahadhari. Zile 18,000 za juu yake ni mali ya kuuzwa. Anayeita zote akiba ataona tangi lina "akiba ya lita 9,000" na kustarehe, kumbe ana nusu siku tu kabla ya kuanza kula tahadhari yake.

Kwa meli mantiki ni hiyohiyo, ila stoki ndiyo inayoandika tarehe. Matangi ya bandarini yanabeba mita za ujazo 60,000, yamebaki na 45,000, yanatoa 2,500 kwa siku, tahadhari ni 10,000, na meli inaleta 40,000. Ukiacha kinachotumika wakati wa kushusha, nafasi ya kutosha inapatikana siku ya 10, na tahadhari inaguswa baada ya siku ya 14. Ikifika siku ya 7 itatia nanga nje na kudai fidia ya kusubiri; ikifika siku ya 17 mji umeshaanza kupanga foleni ya mafuta.

Yanayoharibu mipango hii yanajulikana. La kwanza ni ukomo wa mpango: ukipanga siku saba pekee, kompyuta inaona mafuta yanayobaki siku ya saba hayana faida, inayamaliza, na siku ya nane vituo vyote vinalia pamoja. Panga siku 14, tekeleza mbili au tatu za mwanzo, kisha panga upya. La pili ni kipimo cha tangi kinachosomwa asubuhi na kutumwa jioni. La tatu ni fedha. Kituo kinacholipa mzigo unapofika kitakataa chemba tatu kama kina pesa ya mbili, hata tangi liwe tupu. Mkataba useme mali ni ya nani mpaka iuzwe, la sivyo oda zitarudi kupitia mlango wa nyuma.

Kwa hiyo kabla ya kutumia jina hili, tazama karatasi ya safari ya kesho na uulize nani aliandika idadi ya lita. Kama ni mteja, mnachofanya ni kupanga safari, kazi halali inayostahili kuitwa kwa jina lake.